Modanti

Modanti ni chumvi ya metali inayotumiwa kufunga rangi kwenye nyuzi za kitambaa ili isichuje nguo inapofuliwa. Zinazojulikana zaidi ni shabu (chumvi ya alumini), salfeti ya chuma, mrututu (salfeti ya shaba), kloridi ya stani na dikromati ya potasiamu. Rangi zinazohitaji msaada huo huitwa rangi za modanti. Mfano wake mashuhuri ni alizarini, inayopatikana katika mizizi ya mmea uitwao Rubia tinctorum.

Jina limetokana na kitenzi cha Kifaransa mordre, yaani "kuuma". Watia rangi wa zamani waliamini kwamba chumvi hizi huuma uzi na kufungua vitundu vyake ili rangi iingie. Maelezo hayo si sahihi. Ioni ya metali hukaa katikati, upande mmoja ikishikwa na uzi na upande mwingine ikishika molekuli ya rangi, na vitu hivyo vitatu kwa pamoja huunda kampaundi mpya. Kwa sababu hiyo metali haifanyi kazi ya gundi peke yake. Ndiyo inayoamua pia rangi gani itaonekana, itadumu kwa muda gani, na kama kitambaa au mtu anayekitia rangi atadhurika.

Sufuria moja, rangi kadhaa

Plinius Mzee, mwandishi Mroma aliyefariki mwaka 79 BK, alieleza katika kitabu chake Naturalis Historia jambo lililomshangaza kuhusu watia rangi wa Misri. Walipaka kitambaa cheupe dawa ambazo hazikuonekana kwa macho, wakakitumbukiza katika sufuria ya rangi inayochemka, na baada ya muda mfupi wakakitoa kikiwa na rangi mbalimbali. Sufuria yenyewe ilikuwa na rangi moja tu, na rangi zilizotokea hazikuweza kutolewa kwa kufua. Plinius hakujua kemia ya jambo hilo, lakini aliona sawasawa kwamba tofauti ilitoka kwenye dawa iliyopakwa na si kwenye sufuria.

Jaribio kama hilo linaweza kufanyika leo kwa alizarini. Sehemu ya kitambaa iliyopakwa chumvi ya alumini hutoka nyekundu. Iliyopakwa chumvi ya chuma kidogo huwa zambarau hafifu, na chuma kikizidi huwa nyeusi. Mchanganyiko wa alumini na chuma hutoa kahawia iliyokolea, stani hutoa nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, na kromi hutoa rangi ya damu ya mzee. Sehemu isiyopakwa kitu hupata madoa hafifu tu, ambayo hutoka kwa kufuliwa. Molekuli ya rangi ni ileile mahali pote. Kilichobadilika ni metali.

Biashara kubwa ilijengwa juu ya tabia hiyo. Kipande cha kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi ya jamii hii kilipatikana katika magofu ya Mohenjo-daro, kwenye bonde la mto Indus. Mafundi wa Uhindi waliendelea kupaka modanti kwa kalamu na kwa vibao vya kuchapia, na vitambaa vyao vya maua viliuzwa kotekote katika Bahari ya Hindi, kisha Ulaya. Katika karne ya 18 viwanda vya Ulaya viliiga njia hiyo. Vilitumia asetati ya alumini kwa nyekundu na asetati ya chuma kwa nyeusi, kwa sababu asetati ina faida moja: kitambaa kinapokauka, asidi ya asetiki (ile iliyomo katika siki) hupaa hewani na kuacha metali peke yake kwenye uzi. Baada ya hapo kitambaa kilipitishwa katika maji ya moto yaliyochanganywa na mavi ya ng'ombe. Jambo hili limewachekesha wasomaji wengi, lakini lilikuwa na maana: fosfati na vitu vingine vilivyomo katika samadi vilikamata modanti ambayo haikushika vizuri, ili isisambae kwenye sehemu zilizotakiwa kubaki nyeupe. Baadaye samadi ilibadilishwa kwa chumvi za fosfati na silikati.

Namna metali inavyoshika

Shabu ya kawaida ni salfeti maradufu ya potasiamu na alumini, KAl(SO₄)₂·12H₂O. Ikiyeyushwa majini, kila ioni ya alumini (Al³⁺) huzungukwa na molekuli sita za maji, na oksijeni ya kila moja huelekea kwenye metali. Molekuli au ioni inayoishikilia metali kwa namna hii huitwa ligandi. Kwa kuwa alumini ina chaji kubwa katika umbo dogo, huvuta elektroni za maji yaliyoizunguka kwa nguvu, na baadhi ya molekuli hizo huachia protoni. Ndiyo sababu maji ya shabu yana ladha ya uchachu na ukakasi. Asidi ikipungua, alumini huendelea kupoteza protoni mpaka iwe haidroksidi nyeupe kama utando, isiyoyeyuka. Ni utando huohuo unaokamata matope pale shabu inapotiwa katika ndoo ya maji ya mtoni ili yatulie.

Wazo la metali iliyozungukwa na idadi maalumu ya ligandi lilitolewa mwaka 1893 na Alfred Werner, mwanakemia wa Zürich, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1913. Kabla yake wanakemia walihesabu valensi za metali na kushindwa kueleza kwa nini chumvi iliyoonekana kukamilika iliweza bado kuchukua molekuli nyingine. Werner alionyesha kwamba metali ina nafasi za kushikwa zaidi ya valensi yake ya kawaida. Alumini, chuma na kromi katika rangi za modanti huwa na nafasi sita.

Molekuli ya rangi ya modanti hushinda maji katika nafasi hizo kwa sababu inashika mahali pawili kwa pamoja. Alizarini, C₁₄H₈O₄, ina pete tatu za kaboni zilizopangwa kwenye mstari. Pete ya katikati ina oksijeni mbili zilizounganishwa na kaboni kwa vifungo maradufu, na pete ya pembeni ina vikundi viwili vya -OH vilivyo jirani, kimoja kikiwa karibu kabisa na mojawapo ya oksijeni za katikati. Metali ikifika hapo, kikundi cha -OH huachia protoni yake na oksijeni mbili huibana metali kutoka pande mbili, hivyo inafungika pete mpya yenye atomi tano au sita. Wanakemia wamebishana kwa muda mrefu kama metali hubanwa kati ya -OH mbili au kati ya -OH na oksijeni ya pete ya katikati.

Mwaka 1920 Gilbert Morgan na Harry Drew waliupa mshiko wa aina hii jina linalotokana na neno la Kigiriki khele, yaani gando la kaa, na kampaundi zake zikaitwa kelati. Mfano huo unaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kubanwa na kaa: upande mmoja wa gando ukilegea, upande mwingine bado unashikilia, na ule uliolegea hurudi mara moja. Ligandi yenye mkono mmoja ikiachia, huchukuliwa na maji na kwenda zake.

Kutokana na hayo inawezekana kutabiri rangi ipi itafaidika na modanti. Ni lazima iwe na atomi mbili zenye elektroni za kutoa, kwa kawaida oksijeni au nitrojeni, zikiwa zimekaa jirani kiasi cha kuibana metali. Kwasetini ya maganda ya vitunguu inayo mahali hapo, na pia asidi ya karmini ya wadudu wa kochinili na hemateini ya mti wa Haematoxylum campechianum. Hata hivyo modanti haitibu kila udhaifu. Manjano hushika vizuri zaidi kitambaa kikipitishwa katika shabu, lakini bado hupauka upesi juani, kwa sababu kinachoharibika hapo ni molekuli ya rangi yenyewe na si kifungo chake.

Upande wa uzi

Sufu na hariri ni protini. Katika asidi amino zake mna vikundi vya kaboksili (-COOH) ambavyo hushika ioni za metali vizuri, kwa hiyo nyuzi za wanyama hutiwa modanti kwa urahisi. Kipimo kinachotumiwa sana ni gramu 100 hadi 200 za shabu kwa kila kilo ya sufu kavu, pamoja na gramu 50 hivi za chumvi ya asidi ya tartari inayopatikana katika mapipa ya divai. Tartari hiyo ni ligandi ya muda. Huishika alumini kwenye maji na kuiachilia polepole, ili isigande yote juu ya uso wa sufu kabla ya kupenya ndani. Maji hupashwa moto taratibu kwa sababu hiyohiyo.

Pamba ni tatizo. Selulosi ina vikundi vya -OH tu, na hivyo haviishiki alumini kwa nguvu. Pamba iliyochemshwa na shabu kama ifanywavyo kwa sufu hutoka na rangi hafifu, na wanafunzi wengi hukata tamaa hapo. Suluhisho la kale ni kuitia kwanza tanini, ambayo huambatana na selulosi na ina vikundi vingi vya -OH vilivyo jirani. Kisha shabu hufuata, na mwisho rangi.

Njia ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya nyekundu ya Kituruki. Pamba ililoweshwa mara nyingi katika mafuta yaliyoanza kuchacha, ikakaushwa, ikatiwa tanini, shabu, alizarini na chokaa, na kazi iliweza kuchukua wiki kadhaa. Ndani ya uzi ilitokea kampaundi yenye alumini, kalisi, alizarini na asidi za mafuta, isiyotoka kwa sabuni wala kwa maji ya kuchemka. Bonde la Leven karibu na Glasgow lilikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya kazi hiyo katika karne ya 19, na sehemu kubwa ya vitambaa vyake iliuzwa Asia. Katika miaka ya 1870 mafuta yaliyochacha yalibadilishwa kwa mafuta ya nyonyo yaliyotiwa asidi ya sulfuri, na wiki zikawa siku.

Kalisi katika rangi hii si ya bahati mbaya. Alizarini na alumini bila kalisi hutoa wekundu uliofifia. Watia rangi walijua kwamba maji laini ya mvua hayafai kwa kazi hii na kwamba maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa ni bora, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kujua sababu.

Kwa nini rangi hubadilika

Kitu huonekana na rangi kwa sababu kinafyonza sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Katika molekuli kama alizarini kuna elektroni zinazosambaa juu ya pete zote, nazo hufyonza mwanga ili kupanda ngazi ya juu ya nishati. Alizarini isiyo na metali hufyonza zaidi mwanga wa urujuani na buluu, karibu na nanomita 430, kwa hiyo huonekana ya njano inayoelekea rangi ya chungwa. Alumini ikichukua nafasi ya protoni na kuvuta elektroni upande wake, umbali kati ya ngazi hizo hupungua. Mwanga unaofyonzwa husogea hadi karibu na nanomita 500, penye kijani, na jicho huona nyekundu.

Alumini yenyewe haifyonzi mwanga unaoonekana, kwa kuwa ioni yake haina elektroni za mzingo wa d. Stani pia haina nafasi wazi katika mzingo huo, kwani umejaa. Ndiyo sababu metali hizi mbili hutoa rangi safi na angavu. Chuma ni tofauti. Mzingo wake wa d haujajaa, na elektroni zinaweza kuruka kutoka molekuli ya rangi kwenda kwenye metali kwa kufyonza mwanga wa karibu kila rangi. Matokeo ni giza: zambarau, kijivu, kijani cha zeituni au nyeusi. Chuma kidogo tu kinatosha kuchafua nyekundu, na kwa hiyo shabu isiyo na chuma iliuzwa kwa bei ya juu. Anayetumia maji ya kisima yenye kutu, au sufuria ya chuma, hukutana na tatizo hilohilo leo.

Shabu na siasa

Kwa kuwa bila shabu hapakuwa na nyekundu wala njano ya kudumu, shabu ilikuwa bidhaa ya kugombaniwa. Wafumaji wa Italia na Flandria waliitegemea kutoka Asia Ndogo hadi Waosmani walipoteka Konstantinopoli mwaka 1453. Miaka michache baadaye Giovanni da Castro aligundua mawe ya shabu huko Tolfa, karibu na Roma, katika ardhi ya Papa. Papa Pius II alifurahia ugunduzi huo, na Wakristo wakakatazwa kununua shabu ya Waturuki. Shabu ya Tolfa ilisifiwa kwa kuwa na chuma kidogo sana.

Stani iliingia baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 17 ilionekana kwamba chumvi ya stani hugeuza wekundu wa kochinili, ambao kwa shabu huelekea zambarau, kuwa nyekundu kali kama moto. Ugunduzi huo kwa kawaida hutajwa pamoja na jina la Mholanzi Cornelis Drebbel aliyeishi London. Kochinili ni wadudu wadogo wanaokaa juu ya mipungate, nao waliletwa kutoka Meksiko na Wahispania. Stani ikizidi hufanya sufu iwe kavu na kukatika.

Alizarini ya maabara

Mwaka 1826 Pierre-Jean Robiquet na Jean-Jacques Colin walitenga alizarini kutoka kwenye mizizi. Mwaka 1868 Carl Graebe na Carl Liebermann wa Berlin waligundua kwamba kiini chake ni antrasini, kitu kilichomo katika lami ya makaa ya mawe, na wakaitengeneza kwa mikono. Ilikuwa rangi ya kwanza ya mimea kutengenezwa maabarani. Mwaka uliofuata kampuni ya BASF na Mwingereza William Perkin waliomba hataza ya njia ya bei nafuu huko London kwa tofauti ya siku moja, tarehe 25 na 26 Juni.

Wakulima wa mizizi hiyo kusini mwa Ufaransa na huko Uholanzi walipoteza soko lao katika miaka michache tu. Suruali nyekundu za askari wa Ufaransa, zilizochaguliwa mwaka 1829, ziliendelea kuvaliwa hadi vita vya 1914, lakini kufikia wakati huo wekundu wake ulitoka katika alizarini ya viwanda. Shabu haikuguswa na mapinduzi hayo. Molekuli ya kiwandani ni sawa kabisa na ya mizizi, na bila metali huchuja vilevile.

Chuma na tanini

Chumvi ya chuma(II) ikikutana na tanini majini, mwanzoni hakuna rangi kubwa inayoonekana. Hewa ikiingia, chuma(II) hupoteza elektroni moja na kuwa chuma(III), ambayo hushikana na vikundi vya -OH vya tanini na kuwa nyeusi. Chai iliyochemshwa katika chombo chenye kutu huwa nyeusi kwa njia hiyo. Weusi huwa wa kibuluu kama tanini ni ya jamii ya asidi ya gali, na wa kijani kama ni ya jamii ya katekini. Jamii hiyo ya pili ndiyo iliyomo katika magome ya miwati inayolimwa Njombe na katika nyanda za juu za Kenya, na pia katika magome ya mikoko, ambayo zamani yalisafirishwa kwa wingi kutoka delta ya Rufiji kwa ajili ya kutengeneza ngozi.

Wanawake na wanaume wa Mali hutumia kemia hiyo bila chumvi ya dukani. Kitambaa cha bogolan huchovywa kwanza katika maji ya majani yenye tanini, kama yale ya mti Anogeissus leiocarpa, nacho huwa cha njano. Kisha hupakwa matope yaliyochotwa katika madimbwi na kuachwa katika chungu kwa muda mrefu, hata mwaka mzima. Katika matope yasiyo na hewa bakteria hugeuza kutu, yaani chuma(III) isiyoyeyuka, kuwa chuma(II) inayoyeyuka. Ikipakwa kwenye kitambaa huingia ndani ya uzi, hukutana na tanini, na hewa humaliza kazi. Matope yakishakauka na kuoshwa, michoro myeusi hubaki.

Wino mweusi ulioandikiwa vitabu na hati za Ulaya kwa karne nyingi ulikuwa na asili hiyohiyo: salfeti ya chuma, tanini na gundi ya mgunga. Udhaifu wake pia ni wa aina moja na wa vitambaa. Muungano wa chuma na tanini huacha asidi ya sulfuri nyuma, nayo hukata minyororo ya selulosi. Zaidi ya hayo, chuma(II) iliyobaki bila kufungwa huchochea oksijeni kuunda radikali huru zinazoushambulia uzi. Katika hati za zamani kuna maandishi yaliyoanguka yakaacha matundu yenye umbo la herufi. Katika mazulia ya kale mistari myeusi na ya kahawia mara nyingi imelika hadi kwenye mtande, wakati nyekundu iliyo kando yake, iliyotiwa shabu, bado ni nene. Wahifadhi wa makumbusho hutumia kelati dhidi ya kelati: chumvi ya asidi ya fiti, inayotoka kwenye mbegu za nafaka, huibana chuma(II) ya ziada isiweze tena kufanya madhara.

Kromi

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 dikromati ya potasiamu, K₂Cr₂O₇, ikawa modanti kuu ya sufu viwandani. Ni fuwele za rangi ya chungwa zinazoyeyuka majini, ambamo kromi iko katika hali ya VI. Katika hali hiyo haiwezi kuishika rangi. Ni lazima kwanza ipewe elektroni na kuwa kromi(III), na kazi hiyo hufanywa na sufu yenyewe, hasa sehemu zake zenye sulfuri, au na asidi kama ya fomi iliyoongezwa makusudi. Sufu hugeuka kutoka njano hadi kijani hafifu mabadiliko yanapokamilika. Kiwandani kromi iliweza kutiwa kabla ya rangi, pamoja nayo, au baada yake. Njia ya mwisho ndiyo iliyopendwa zaidi.

Sababu ya kupendwa kwa kromi iko katika uzito wake wa kubadilisha ligandi. Ioni ya alumini majini hubadilisha molekuli ya maji inayoizunguka kwa muda wa takriban sekunde moja, na ya chuma(III) upesi zaidi. Kwa kromi(III) mabadiliko hayohayo huchukua siku kadhaa. Elektroni zake tatu za mzingo wa d zimepangwa kwa namna ambayo ligandi haiwezi kuondoka bila gharama kubwa ya nishati. Kwa hiyo kromi iliyokwisha kushika uzi na rangi haiachii kirahisi, hata kwa jasho, sabuni na mvua. Sare na suti nyeusi za sufu zilitiwa rangi kwa njia hii kwa karne nzima.

Mojawapo ya rangi hizo inajulikana na wanafunzi wa kemia bila wao kujua asili yake. Eriokromu Nyeusi T, inayotumiwa maabarani kupima ugumu wa maji, ni rangi ya modanti ya sufu. Sehemu ya kwanza ya jina lake inatokana na neno la Kigiriki erion, yaani sufu, na ya pili ni kromi. Ikishika magnesi huwa nyekundu kama divai. EDTA, ligandi yenye mikono sita, inapotiwa kidogokidogo huinyang'anya magnesi hiyo, na maji hugeuka buluu.

Tatizo ni kromi(VI) ambayo haikugeuka. Ioni ya kromati ina umbo na chaji kama salfeti, na chembe hai huipokea kupitia milango ya salfeti. Ikishaingia, hupewa elektroni humohumo ndani na kuharibu ADN. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kromi(VI) katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pia husababisha vidonda vya ngozi na mzio usiopona kwa urahisi. Kromi(III) iliyofungwa kwenye uzi haina hatari ya kiasi hicho.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo. Kwa kilo moja ya sufu ilizoeleka kutumia gramu 30 za dikromati, ambazo zina gramu 10.6 za kromi. Ikiwa sehemu moja tu kati ya kumi inabaki katika maji na kumwagwa, hiyo ni gramu 1.06. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.05 za kromi kwa lita, kwa hiyo zingehitajika zaidi ya lita 21,000 za maji safi kufikia kiwango hicho, kwa kilo moja ya sufu. Katika Umoja wa Ulaya dikromati haziruhusiwi tena bila kibali maalumu. Viwanda vingi hununua rangi ambazo kromi(III) au kobalti imekwisha kufungwa ndani yake tangu kiwanda cha kemikali, aina iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mtu anayetia rangi nyumbani, shabu na chuma kidogo vinatosha, katika chombo kisichotumika tena kupikia.

Rangi zisizohitaji modanti

Si kila rangi hufungwa na metali. Nili, ambayo kwayo kaniki za zamani zilipata buluu yake nzito, haiyeyuki majini. Hupewa elektroni ili iyeyuke, huingia katika uzi, kisha hewa huirudisha katika hali ya kutoyeyuka ikiwa imekwama ndani. Lausoni ya hina huungana moja kwa moja na keratini ya ngozi, kucha na nywele. Rangi nyingi za pamba zinazouzwa leo ni zile ambazo molekuli yake huunda kifungo imara na selulosi yenyewe, aina iliyoletwa sokoni na kampuni ya Uingereza ICI mwaka 1956. Hizo huhitaji chumvi ya kawaida na magadi tu.